Meli za mezani si mchezo wa watoto

Hapa Kigoma, ukipanga meli ndogo za mfano mezani ili kuigiza vita vya zamani, ukaanza kupima umbali kwa rula na kurusha dadu, utaambiwa ni mambo ya watoto. Historia isomwe vitabuni. Si kweli. Kitabu kinasema tarehe 26 Desemba 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, upande wa Kongo wa ziwa letu Tanganyika, boti za Waingereza Mimi na Toutou ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Mezani unaona ilivyowezekana. Mzinga wa Kingani ulipiga mbele tu. Ziweke boti zile nyuma yake, maana zilikuwa na kasi kubwa zaidi, kisha jaribu kuigeuza: kila zamu yako ikifika, adui ameshahamia tena mgongoni. Dadu haikuokoi.

Meza hiyohiyo inajibu wanaodai Waingereza waliizamisha meli ya Wajerumani Götzen, yaani Liemba yetu ya baadaye. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, walipokuwa wakiondoka Kigoma. Ukiuweka mzinga wake wa milimita 105 mbele ya viboti vya mbao vya Waingereza, utaelewa mara moja kwa nini kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, hakwenda kupambana nayo.