Kiu ya zabibu: vikorombwezo vya biskuti za oti

Wanaonunua biskuti zangu mara chache huniuliza namna ya kuzioka. Wengi huja na lawama tayari: "Nimetia kila kitu kizuri nilichokuwa nacho jikoni, mbona zimetoka kama mkate?" Nikiuliza kilichotiwa, natajiwa embe bivu, ndizi mbili, asali, korosho mbichi, na zabibu kavu kiganja kizima. Hapo sina haja ya kuletewa mfano. Kilichotokea kwenye trei nakijua, kwa sababu na mimi nilipita hapo hapo.

Naoka biskuti hapa Tanga, na za oti ndizo zinazonipa riziki kuliko nyingine zote. Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu jina. Kuna wanaoziita oti shayiri, na kamusi nyingine zinawaunga mkono, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile inayotengenezewa bia. Ukienda dukani ukiomba unga wa shayiri unaweza kurudi na kitu kisichohusika. Mimi nasema oti, na muuza duka ananielewa.

Kipimo changu cha msingi hutoa biskuti kama 20. Siagi gramu 115, sukari ya kahawia gramu 100 na nyeupe gramu 50, yai 1, vanila kijiko cha chai, unga wa ngano gramu 100, magadi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, mdalasini nusu kijiko, na oti gramu 150. Ziwe zile bapa nzima, si zile zilizokatwakatwa za kuiva haraka, maana hizo zikilowa hugeuka uji ndani ya biskuti. Piga siagi na sukari mpaka vipauke, tia yai na vanila, kisha vitu vikavu, kisha oti. Vikorombwezo huingia mwisho kabisa, kwa mwiko, si kwa mashine. Moto nyuzi 175, dakika 12 hivi. Zitoe kingo zikiwa zimeshika rangi na katikati pakionekana pabichi bado, uziache juu ya trei dakika 5 zijikaze zenyewe. Ukisubiri katikati pakauke ndani ya oveni, umeshachelewa.

Mahali pa sukari ya kahawia naweka sukari guru iliyoparuzwa kila ninapoipata safi. Ina unyevu wake na harufu inayokaribia kashata, na biskuti hukaa laini siku nyingi zaidi.

Sasa vikorombwezo. Kwa donge hilo usizidishe gramu 120 kwa jumla, hata ukiwa na vitu vitano vya kutia. Ukizidisha, donge linakosa cha kushikia na biskuti inakatika ukiinyanyua. Lakini kabla ya uzito kuna swali ninalojiuliza kwa kila kitu kinachokaribia bakuli: hiki kitakunywa maji ya donge, au kitayatoa?

Embe bivu ni maji zaidi ya asilimia 80. Likipata moto yale maji yanageuka mvuke, mvuke unainua donge, na unachokula ni kikeki kilicholowa katikati. Ndizi mbivu hali kadhalika. Matunda makavu yako upande wa pili: zabibu kavu ina maji kama asilimia 15 tu, kwa hiyo ikikutana na donge lenye siagi, yai na sukari, inaanza kunywa. Oti nazo zinakunywa. Ndiyo maana biskuti iliyokuwa laini jioni, asubuhi unaikuta imekauka kama kigae, huku zabibu zenyewe zimenona.

Dawa yake akina mama wa pilau wanaijua siku nyingi: loweka. Mimi nazimwagia zabibu chai ya rangi ya moto, dakika 10, nazichuja, kisha nazitandaza juu ya kitambaa safi mpaka zikishikwa zisiache unyevu kidoleni. Hatua ya kitambaa ndiyo watu wanayoiruka, halafu wanailaumu oti. Zabibu iliyoloweshwa isikaushwe inabeba maji yake mpaka kwenye donge, na umerudi kule kule kwa embe bivu. Na ukishagawa madonge kwenye trei, pitia juu uzisukume ndani zile zilizochungulia. Zabibu iliyobaki juu huungua kabla biskuti haijaiva, na ladha yake ni ya makaa.

Wengine huniuliza tofauti ya zabibu nyeusi na zile za rangi ya dhahabu. Mara nyingi ni zabibu aina moja. Nyeusi zimekaushwa juani, za dhahabu zimepitishwa kwenye moshi wa salfa ili zisigeuke rangi, kisha zikakaushwa kwa mashine. Kwenye biskuti yenye mdalasini nachagua nyeusi bila kufikiri. Za dhahabu naziweka na iliki.

Tende zina tabia yao. Mwezi wa Ramadhani zinajaa mjini, za maboksi na za kushindiliwa, kutoka Oman, Saudia na kwingineko, na mfungo ukiisha zinabaki makabatini. Hizo zilizobaki, zilizoanza kukauka, ndizo bora kwa kazi hii. Tende laini sana, kama khalas ya Oman ikiwa mpya, inayeyuka ndani ya donge na sukari yake inavuja pembeni ya biskuti, inaganda juu ya trei kama gundi. Nilikwaruza trei tatu usiku mmoja mpaka nikapata adabu.

Siku hizi nakata tende kwa mkasi, si kwa kisu. Nachovya ncha za mkasi kwenye mafuta kidogo, nakata tende kwa urefu, natoa kokwa, kisha nakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vinaangukia kwenye sahani yenye vijiko viwili vya unga vilivyotolewa kwenye zile gramu 100. Kila baada ya tende tatu nne natikisa sahani, kila kipande kijivike unga, kwa sababu tende zikigusana zinaungana, na donge lako litakuwa na kokoto moja kubwa upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili. Tende haziloweshwi. Na kwa kuwa zina sukari nyingi, toa ile sukari nyeupe gramu 50 yote. Usiiguse ya kahawia, hiyo ndiyo inayolainisha.

Embe kavu ndilo penzi langu, na ndilo lililonitoa jasho. La dukani ni ghali, na mengi yameongezwa sukari mpaka hujui unakula embe au peremende. Msimu wa maembe unapofika hapa pwani, mwisho wa mwaka, nakausha mwenyewe. Nachukua dodo lililoiva lakini bado gumu mkononi, nalikata vipande vyembamba kama unene wa penseli, navichovya kwenye maji ya ndimu visigeuke weusi, navipanga juu ya wavu ndani ya kisanduku chenye kioo juu na matundu pembeni. Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zinatosha. Utajua limekauka ukilikunja: linakunjika kama ngozi ya kiatu laini, halikatiki, na ukilibana halitoi majimaji.

Mwaka wa kwanza sikuwa na kisanduku. Nilitandaza juu ya mkeka, nikafunika kwa chandarua, nikaenda harusini. Mvua za vuli hazina barua. Niliporudi vipande vilikuwa vimelowa, nami kwa ubahili nikaviacha vikauke upya. Siku ya pili vilikuwa na unga unga wa kijani. Kilo 12 za maembe zikaenda kwa mbuzi wa jirani, na hata mbuzi walichagua. Kama huna uhakika wa jua, tumia oveni: nyuzi 60, mlango uachwe wazi kidogo, kwa muda wa saa nane mpaka kumi. Umeme utakuuma, lakini si kama hasara ile.

Embe kavu lina uchachu, na uchachu ndio unaokosekana kwenye biskuti nyingi za oti. Siagi, sukari, oti, zabibu, vyote vinasema "tamu, tamu, tamu." Kitu kichachu kimoja kinaamsha vingine. Nanasi kavu linafanya kazi hiyo hiyo, na yale yanayotoka Uganda bila sukari ya kuongeza ni mazuri mno, ila yakate madogo, maana nyuzi zake zinaganda menoni.

Kutafuta uchachu huko ndiko kulikonifikisha kwenye ubuyu. Nilianza vibaya: nilikwenda Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, nikanunua ule wekundu wa kupikwa na sukari na rangi, nikautia mzima mzima. Donge likawa jekundu kama sabuni, na mteja mmoja akanirudishia mbegu ndani ya tishu, hakusema neno. Niliporudi kwa bibi anayeuza ubuyu nikamweleza, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, huo ni wa kumung'unya! Wa kutia kwenye chakula ni unga wake mweupe, uchekeche." Na kweli. Ubuyu ni tunda la ajabu kwa mwokaji, kwa sababu linajikausha lenyewe ndani ya kifuu chake likiwa bado mtini. Ukilivunja unakuta unga tayari. Kijiko kimoja cha mezani cha unga uliochekechwa kinatosha donge zima. Usizidishe, kwa kuwa uchachu wake unapambana na magadi soda, na magadi yakiisha nguvu biskuti inabaki nyeupe na nene, haitanuki.

Nazi nayo. Nazi mbichi iliyokunwa ina maji mengi na mafuta mengi, ukiitia hivyo hivyo biskuti inatandaa kama chapati ya maji. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka iwe na rangi ya majani makavu. Lakini kuna kitu bora ambacho wengi tunakitupia kuku: machicha. Ukishakamua tui la wali, yale machicha yakaushe juani, kisha yakaange vile vile. Mafuta mengi yameshatoka, harufu bado imo, na yanaipa biskuti mchakacho ambao nazi nzima haiutoi. Yana kiu kubwa, kwa hiyo nikitumia gramu 40 za machicha napunguza unga wa ngano gramu 20 au naongeza kijiko cha mezani cha maziwa. Waustralia na Wanyuzilandi wana biskuti yao ya oti na nazi, ya Anzac, isiyo na yai kabisa, kwa hiyo ndoa ya oti na nazi si wazo langu. La machicha ndilo la jikoni kwetu.

Korosho na karanga hazina mambo mengi. Hazinywi wala hazitoi, ila zioke kwanza dakika 8 hivi, kwa sababu ndani ya donge hazipati moto wa kutosha kuiva. Korosho nunua za vipande. Ladha ni ile ile ya nzima, bei ni ndogo, na ungezikata hata hivyo. Karanga zichambue kwa mkono. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuoka. Na ukitia karanga andika kwenye pakiti, kuna watoto zinawadhuru.

Zile chembe nyekundu na kijani za kwenye keki, kama hukujua, mara nyingi ni papai bichi lililopikwa kwenye sukari na kutiwa rangi. Si tunda kavu kwa maana tunayoizungumzia hapa, limeshashiba sukari na halinywi tena chochote. Kwenye keki ya sikukuu sawa. Kwenye biskuti ya oti silitaki.

Ganda la chungwa, kwa upande mwingine, ningelipigia debe kila siku. Machungwa ya Muheza yapo tele, na maganda yake tunayatupa. Kata vijiti vyembamba, vichemshe mara tatu ukibadilisha maji kila mara ili uchungu utoke, kisha vipike kwenye sukari na maji kiasi sawa mpaka ving'ae, uvianike usiku kucha. Gramu 30 pamoja na tende na iliki kidogo kutoka Amani, kule milimani Usambara, iliyotwangwa papo hapo. Harufu yake oveni ikifunguliwa huwaita majirani bila kutumwa mtoto.

Joto letu nalo lina usemi. Siagi hapa huanza kulainika ukiwa bado unapima unga, kwa hiyo donge langu hulala kwenye friji dakika 45 kabla ya kugawanywa. Muda huo pia oti zinakunywa kiasi chake, na biskuti inabaki na umbo. Zikishaiva zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Kopo lenye mfuniko wa kubana ni lazima. Unyevu wa pwani unaingia kwenye mfuko wa kawaida, na kufikia siku ya pili mchakacho wote umekwisha.

Kwa wanaotaka kujua, pakiti zinazoisha kwanza kila Jumamosi ni za zabibu na karanga, basi. Za embe na ubuyu hubaki tatu au nne, nami wala silalamiki, ndizo ninazonywea chai jioni.