Dipoziti ya Nyumba Nairobi: Yasemwayo Kwenye Ngazi na Yaliyo Kweli

Nilipohama Kahawa West baada ya miaka minne, nilingoja shilingi 16,000 za dipoziti nilizoziacha siku ya kuingia. Zikaja 4,700. Msimamizi wa ploti alinitumia orodha kwa WhatsApp: rangi 7,000, usafi 2,000, kitasa cha choo 1,500, kioo cha dirisha la jikoni 800. Jirani wa chini akanishauri niache tu: "Hapa Nairobi dipoziti ni sadaka." Maneno hayo nimeyasikia mitaa ya Zimmerman, Umoja na Pipeline, na yananiuma, maana wanaoyaamini huacha pesa ambazo zingelipa karo ya mtoto.

Linaloaminiwa kuliko yote ni kwamba rangi ni mzigo wa mpangaji, kila anapohama. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji arudishe nyumba ikiwa katika hali aliyoikuta, lakini haimdai uchakavu wa kawaida. Haimdai pia uharibifu wa moto na mafuriko yasiyotokana na uzembe wake. Ukuta uliokaliwa miaka minne lazima uchujuke. Pale kichwa kinapoegemea kitandani patakuwa na alama, na juu ya jiko patakuwa peusi kidogo. Huko ni kuishi ndani ya nyumba, na kodi ya kila mwezi ndiyo malipo ya kuishi humo. Mtoto akichora sebule nzima kwa kalamu ya wino, au ukitoboa ukuta mashimo kumi ya kutundikia televisheni, hapo umeharibu na unastahili kulipa. Kitasa changu cha choo kililegea kwa kufunguliwa kila siku, na msimamizi alijua, kwa sababu nilimwandikia mara mbili aje akitazame.

Hapa kuna tahadhari: soma mkataba wako. Mikataba mingi ya mawakala ina mstari unaosema mpangaji atapaka rangi anapoondoka au atakatwa kiasi fulani. Ukitia sahihi chini ya mstari huo, umemkabidhi mwenye nyumba hoja yake. Mahali pa kuukataa ni ofisini kwa wakala, kabla ya kulipa. Na hata pale uharibifu ni wako, dai risiti ya fundi na ya duka. Nilipouliza ile 7,000 ya rangi ni ndoo ngapi na fundi alilipwa ngapi, sikujibiwa.

Wengine husema bila mkataba wa maandishi huna kesi. Sheria hiyohiyo ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa mdomo, na ploti nyingi za mtaani huendeshwa hivyo. Lazima tu uonyeshe kwamba ulilipa na ulikaa. Ujumbe wa M-Pesa wa siku ya kwanza ni ushahidi, kile kijitabu cha risiti ni ushahidi, na mazungumzo yenu ya WhatsApp pia, kwani Sheria ya Ushahidi inakubali ushahidi wa kielektroniki. Kwa hiyo usifute jumbe unapobadilisha simu. Piga picha kila chumba siku ya kuingia, zitume kwa msimamizi siku hiyohiyo ili tarehe ibaki, kisha upige tena siku ya kutoka nyumba ikiwa tupu, pamoja na mita ya maji na ya stima.

"Dipoziti ndiyo kodi ya mwezi wa mwisho." La, isipokuwa mmekubaliana hivyo. Ukikataa kulipa mwezi wa mwisho unakuwa na deni la kodi, na kwa deni la kodi mwenye nyumba ana njia ya kisheria ya kukamata mali kupitia dalali mwenye leseni. Njia hiyo ni ya kodi. Msimamizi anayefunga geti na kuzuia kitanda chako kwa sababu ya rangi hana sheria inayomlinda.

Kuna wanaokimbilia jopo la kodi za nyumba. Jopo hilo liliundwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa Nairobi ya leo hicho ni chumba cha mabati. Jopo jingine, la majengo ya biashara, ni la maduka, hoteli na mikahawa.

Ndiyo maana watu hukata tamaa, wakidhani kilichobaki ni wakili atakayewatoza zaidi ya dipoziti yenyewe. Lakini ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya fedha zako zilizoshikwa na mtu mwingine. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka shauri likamilike ndani ya siku 60. Wala haraka haikubani sana: dai la mkataba lina miaka sita. Kama wakala alibadilika ukiwa ndani, na wa sasa anasema pesa hakuzipokea yeye, mtaje mwenye nyumba mwenyewe kwenye dai. Wakala alipokea kwa niaba yake.

Kabla ya mahakama, mwandikie barua mwenye nyumba au wakala wake. Taja tarehe uliyorudisha funguo, kiasi ulichoacha, kila ulichokatwa na sababu ya kukikataa, kisha mpe siku 14. Ukitumiwa pesa pungufu, zipokee, ila jibu kwa maandishi kwamba ni sehemu tu na salio bado unalidai. Usitie sahihi karatasi inayosema umelipwa zote.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, pamoja na picha kumi na moja. Siku ya tisa wakala alipiga simu kuuliza kama kweli ningeenda Milimani. Nikamwambia fomu nimeshaijaza, na ilikuwa kweli. Jioni hiyo M-Pesa ikaleta 10,500. Ile 800 ya kioo sikuidai: nilikivunja mimi, kwa mtungi wa gesi, Jumapili moja nikipanga jikoni.