Mtaa wenu hauna chama: namna ya kusoma matokeo ya kura Dar es Salaam

Kila uchaguzi ukipita, dawati letu la elimu kwa umma hupokea malalamiko yaleyale. Wakazi wameambiwa barabara yao haiwekwi lami kwa sababu "huku ni kwa wapinzani". Mpangaji amenuniwa na mwenye nyumba kwa kuwa kata ilikwenda chama kingine. Mtu amepita nyumba kwa nyumba akiandika namba za kadi za mpiga kura, na watu wamempa.

Hili la namba tulimalize kwanza. Kura huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala wa vyama. Msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo ya kila nafasi, yaani urais, ubunge na udiwani. Mawakala husaini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa kituoni. Kutoka hapo kura za udiwani hujumlishwa kwenye kata, za ubunge jimboni, na za urais hujumlishwa jimboni kisha hupelekwa Tume ya Uchaguzi. Chini ya kituo hakuna matokeo. Hakuna fomu ya nyumba wala ya shina, na karatasi ya kura haina jina lako wala namba ya kadi yako. Anayesema anaweza kujua ulimpigia nani anakutisha tu.

Sasa majimbo. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata mawili kati ya manane ya Dar es Salaam, Ubungo na Kawe. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani vikiwemo CHADEMA na CUF, vilipata sita kati ya kumi. Mwaka 2020 CCM ilichukua yote kumi. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba jiji limegeuka, kisha limegeuka tena. Lakini Ubungo ya 2010 ilikuwa na Kibamba ndani yake. Ya 2015 haikuwa nayo. Mwaka 2025 Kivule imemegwa kutoka Ukonga na Chamazi kutoka Mbagala, majimbo sasa ni 12. Watu nao wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 mkoani, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukiweka Mbagala ya 2015 kando ya Mbagala ya 2025, unalinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja.

Angalia pia nani alikuwa kwenye karatasi. Maulid Mtulia alichaguliwa Kinondoni mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF, akajiuzulu Desemba 2017, na Februari 2018 akachaguliwa jimbo hilohilo kwa tiketi ya CCM. Nani anaweza kuniambia, kwa uhakika, mkazi wa Kinondoni alibadili nini hapo? Na katika chaguzi zilizopita, pale mgombea alipopita bila kupingwa hakuna mpiga kura aliyeulizwa chochote, kwa hiyo hapana mwelekeo wa kuusoma. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, baada ya kutosaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi. Matokeo ya mwaka huo hayapimi idadi ya wafuasi wake katika mtaa wowote. Nasema hivi kama suala la hesabu tu.

Asilimia nazo hudanganya zikisomwa peke yake. Mwaka 2010 mgombea urais wa CCM alishinda kwa zaidi ya kura milioni 5.2, zaidi ya asilimia 60. Mwaka 2015 chama hichohicho kilipata zaidi ya milioni 8.8, lakini asilimia ikashuka hadi 58. Kura zimepanda, asilimia imeshuka, kwa sababu waliojitokeza walikuwa wengi zaidi, takribani asilimia 67 ya walioandikishwa badala ya 43.

Halafu kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume. Aliyehamia Goba bila kuhamisha taarifa zake bado ni mpiga kura wa Manzese, na kura yake itahesabiwa huko. Uboreshaji wa Daftari mkoani kwetu ulifanyika tarehe 17 hadi 23 Machi 2025. Kipindi kama hicho kikitangazwa tena, nenda na kadi yako ya zamani kwenye kituo cha unakoishi sasa, omba kuhamisha taarifa, na usijiandikishe upya kama mtu mpya. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa chini ya Sheria Namba 1 ya 2024: kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au vyote kwa pamoja.

Na tafadhali, orodha mliyojiandikisha tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 ilikuwa ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa. Siyo Daftari la Tume. Tumelieleza hili kwenye mikutano mingi, na bado watu wanafika kituoni siku ya uchaguzi mkuu wakidai majina yao.

Anayekusanya kadi au namba kwa ahadi ya fedha, piga 113, TAKUKURU. Taja mtaa, siku, saa na alichoahidi.