Gavana Janet Mills wa Maine: anachokiweza na tunachomsingizia

Mama mmoja wa Bukavu alinijia na barua aliyoandikiwa na mwanawe kwa Kiingereza kizuri. Ilikuwa inakwenda kwa Gavana Janet Mills, na ombi lilikuwa moja tu: ampe kibali cha kazi, maana nguvu anazo na amechoka kukaa bure. "Baba, nisaidie kuituma." Aliikunja taratibu nilipomweleza kwamba gavana hana uwezo huo.

Katika yote tunayoyaamini vibaya, sisi Waswahili wa Portland na Lewiston, miji ya jimbo la Maine nchini Marekani, hili ndilo linalotuumiza zaidi: kwamba gavana ndiye mwenye makaratasi. Siye. Hifadhi, viza na kibali cha kazi viko mikononi mwa serikali kuu, na sheria ya nchi inasema mwombaji hifadhi hapewi kibali kabla ya siku 180 tangu awasilishe ombi lake. Tangu awasilishe ombi, si tangu aingie Maine. Nimeona watu wakipoteza miezi wakimngoja gavana, na fomu ya hifadhi iko chini ya godoro haijajazwa. Jamani, fomu kwanza.

Hapo wengine huruka upande wa pili na kusema basi gavana hana faida kwetu. Nalo si kweli. Kiangazi cha 2019 mamia ya watu, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa mkupuo wakilazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa Expo, uwanja wa mpira wa kikapu. Julai ile Mills alipanua kanuni ili msaada wa mji, ule wa vocha za kodi na chakula, uwafikie hata waliokuwa bado wanatayarisha maombi yao. Msaada huo hutolewa na mji, kisha jimbo hurudisha asilimia 70 ya gharama. Ukikataliwa, mlango wa kuanzia ni ofisi ya mji wako.

Wapo pia waliodhani Rais angemfuta kazi. Februari 2025, ndani ya Ikulu ya Marekani, Mills na Donald Trump walivutana hadharani juu ya wanafunzi waliobadili jinsia kushiriki michezo ya wasichana, naye Mills akamwambia watakutana mahakamani. Simu yangu ililia usiku ule: "Kesho hayupo!" Anayetoka nchi ambako mkuu wa mkoa huteuliwa na kutenguliwa na Rais hana kosa kufikiri hivyo. Lakini gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, Rais hawezi kumwondoa. Anachoweza kukibana ni pesa za serikali kuu. Aprili wizara ya kilimo ilizuia fedha zilizohusu programu za chakula cha watoto, Maine ikashtaki, na mapema Mei pande mbili zikapatana, fedha zikafunguliwa.

Na kabla ya ugavana? Husemwa alikuwa mtu wa Paul LePage, kwa kuwa alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo wakati LePage ni gavana. Maine mwanasheria mkuu huchaguliwa na bunge la jimbo, hateuliwi na gavana. Mills ni Mdemokrati, LePage ni Mrepublikani, na waligombana mara nyingi. Mwaka 2022 walishindania kiti chenyewe, Mills akashinda. Kazi yake ilianza mbali: alichaguliwa mwendesha mashtaka wa wilaya mwaka 1980, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani.

MaineCare, bima ya afya ya jimbo, nayo tunamshukuru yeye, na shukrani ni haki, ila tusiwasahau wapiga kura. Wao ndio waliopitisha kwa kura ya Novemba 2017 kwamba bima hiyo iwafikie watu wazima wengi zaidi wa kipato cha chini. LePage hakuitekeleza. Mills alipoapishwa Januari 2019, amri yake ya kwanza ilikuwa kuitekeleza.

La mwisho limenikaa moyoni. Baada ya watu 18 kuuawa kwa risasi Lewiston, tarehe 25 Oktoba 2023, wengi walitarajia gavana atie sahihi kila sheria ya bunduki itakayoletwa na chama chake. Hakufanya hivyo. Sheria ya kumtaka mnunuzi asubiri saa 72 hakuitia sahihi wala hakuipinga, nayo ikawa sheria mwaka 2024 bila jina lake, kwa sababu katiba ya Maine inaruhusu muswada kupita gavana akiuacha muda wake uishe. Muswada wa kupiga marufuku kifaa kinachoifanya bunduki ifyatue haraka kama ya rashasha, aliukataa. Mimi ningependa atie sahihi yote mawili, nami nilimwandikia hivyo. Barua ya namna hiyo, mama yangu wa Bukavu, ndiyo inayofika mahali pake.