Kulipia mboga kabla hazijaota: hiki kilimo cha hisa kikoje

Huku kusini mwa Tanzania ukisikia mkulima kapewa hela kabla ya mavuno akili inaenda moja kwa moja kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni, na sio bure, maana mtu hela imemkata mwezi wa saba anachukua chochote, korosho zikianguka zote zinaenda kwa yule aliyempa, tena kwa bei ya kutupa. Kilimo cha hisa nacho kinaanza na hela ya mapema ila kinaenda njia nyingine kabisa.

Iko hivi. Mkulima wa bustani, tuseme yuko bonde la Lukuledi kule Mingoyo, anapiga hesabu ya msimu mzima, mbegu, samadi, mafuta ya pampu, vibarua na ujira wake mwenyewe (huu wengi wanausahau), jumla anaigawa kwa familia za Lindi mjini zinazotaka kula kwake. Kila familia inalipa hisa yake mwanzoni, halafu kila wiki inapata kapu la kilichokuwa tayari, leo mchicha na bamia, wiki ijayo nyanya chungu na matango, huchagui sana.

Sasa utamu na uchungu uko hapa: hujanunua kilo za nyanya, umenunua sehemu ya msimu. Bamia zikizaa sana kapu linajaa, maji yakipita bustanini kapu linapungua na hela hairudi. Yaani hasara haimwangukii mkulima peke yake kama sokoni, ambako wote wameleta mchicha siku moja na fungu linashuka mpaka unaona bora ule na mbuzi wako.

Wajapani walikuwa na kitu cha aina hii tangu miaka ya 1970, wanakiita teikei, watu waliochoshwa na wasiwasi wa madawa kwenye chakula wakaenda kuelewana na wakulima wenyewe. Marekani kikaanza 1986, Massachusetts na New Hampshire, Ufaransa 2001.

Korosho naona haifai, ile ina minada yake na stakabadhi ghalani (unaweka mzigo ghalani unapewa risiti mpaka uuzwe), na nani anakula gunia la korosho nyumbani? Mboga, mayai, hata mchele wa Kitere kwa watu wa Mtwara mjini, hivyo sawa. Kinachokwamisha ni hela ya mkupuo, mwenye mshahara ataweza ila mama ntilie anayeishi kwa hela ya siku atataka kulipa kidogokidogo kila wiki, na mkulima anaweza kumkubalia ikiwa tu wengine wametoa mapema za kutosha kununua mbegu.