Maji ya buluu hayaogeki kila mahali

Wakazi wengi wa Nairobi wanaokwenda Naivasha mwishoni mwa wiki kuoga katika bwawa la buluu la Olkaria hudhani kwamba wameingia kwenye chemchemi ya asili. Sivyo. Maji yale hutoka katika visima vilivyochimbwa ili kuzalisha umeme wa mvuke, na hupitishwa kwanza kwenye mabwawa ya kuyapooza. Dhana hiyo isingekuwa na madhara lau isingezaa nyingine, kwamba maji maangavu ya buluu yanaogeka popote yalipo.

Katika chemchemi za asili, buluu mara nyingi ndiyo rangi ya kuogopwa zaidi. Grand Prismatic, iliyoko katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ina upana wa takriban mita 110, na kitovu chake ni cha buluu kwa kuwa joto la hapo limewashinda bakteria wenye kutia rangi, hivyo jicho huona maji matupu ambayo yamefyonza nuru nyekundu. Maji yanapotambaa kuelekea ukingoni hupoa, na hapo bakteria huweza kutanda, kwanza wa manjano, kisha wa rangi ya machungwa, na hatimaye wa hudhurungi. Anayejua kuzisoma rangi hizo anasoma kipimajoto.

Wapo wanaoamini kwamba maji yasiyotokota si ya moto sana. Hapa Nairobi maji huchemka yakifikia nyuzijoto 94 hivi za Selsiasi, lakini nyuzijoto 70, ambazo hazitoi hata povu, zinatosha kuunguza ngozi mara moja. Yellowstone imeua zaidi ya watu 20 kwa njia hiyo.

Dhana kwamba rangi ni madini tu ina ukweli ndani yake, maana huko Dallol, Ethiopia, manjano na kijani hutokana na salfa, chumvi na chuma ndani ya maji yenye asidi kali. Ni kosa kuieneza kwa chemchemi zote.

Iliyonisikitisha kuliko zote ni ile ya kwamba sarafu moja ikitupwa majini haidhuru. Katika bwawa la Morning Glory, pia la Yellowstone, sarafu na takataka za wageni ziliziba mikondo ya maji moto, joto likashuka, na bakteria wa ukingoni wakasogea ndani. Ua la morning glory, ambalo bwawa hilo limepewa jina lake, ni la buluu. Bwawa lenyewe sasa ni la kijani, lenye pete ya manjano na machungwa.