Kipande cha uvimbe wa ubongo kinapelekwa wapi?

"Mwanangu, si mmeshautoa? Hicho kilichomo kwenye kikopo mnakipeleka wapi tena?"

Aliyeniuliza ni bi mkubwa wa Micheweni, kwenye korido ya hospitali hapa Unguja. Mwanawe alikuwa wodini na bendeji kichwani. Alianza kuanguka kifafa ukubwani, akawa anaamka asubuhi kichwa kinamuuma mpaka anatapika. Watu wakasema shetani, miezi ikapita. Ndani ya kikopo kulikuwa na fomalini na kinyama kisichozidi punje ya harage. Nikamwambia tunakwenda kukiuliza jina lake. Akacheka, akadhani namtania.

Uvimbe wa ubongo si ugonjwa mmoja. Upo unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, ukakaa miaka bila kuleta tabu. Upo glioblastoma, unaopenya baina ya seli nzima kama maji mchangani, hata mpasuaji hodari asiweze kuumaliza. Zamani tuliupa jina kwa sura yake kwenye hadubini basi. Tangu 2016, na zaidi 2021, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka baadhi yake utajwe kwa jeni pia. Uvimbe wa watu wawili unaweza kufanana kwa sura, lakini mwenye hitilafu kwenye jeni ya IDH kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.

Habari hii ya molekuli, yaani jeni na protini za seli, mimi napenda kuianzia kwenye mayai ya kuku. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, akasomea udaktari. Mwaka 1938 sheria za Mussolini zikawafungia Mayahudi milango ya vyuo vikuu, naye alikuwa Myahudi. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Sindano za kushonea akazinoa zikawa visu, akapasua viinitete vya vifaranga aone mishipa ya fahamu inavyoota na inavyokufa. Yai lililobaki lilikwenda jikoni, maana vita vilikuwa na njaa yake.

Vita vilipokwisha alikwenda St. Louis, Marekani. Huko kipande cha uvimbe wa panya kikipandikizwa kwenye kiinitete, mishipa ya fahamu iliota kukielekea. Akashuku kuna kitu kinatoka kwenye uvimbe ule. Mwaka 1952 akapanda ndege hadi Rio de Janeiro, na panya wenye uvimbe akaenda nao kwenye kisanduku. Kwenye kisahani cha maabara nyuzi za fahamu zikachanua pande zote kama miale ya jua.

Kukisafisha kitu hicho, protini iliyokuja kuitwa NGF (kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya fahamu), ikawa kazi ya mkemia, Stanley Cohen. Alitia sumu ya nyoka, kwa kuwa ina vimeng'enya alivyovihitaji, na mishipa ikaota kuliko mwanzo: sumu yenyewe ilikuwa imejaa protini ile ile! Akahamia kwenye tezi za mate za panya. Humo akakuta na protini ya pili, EGF (kichocheo cha ukuaji wa ngozi), iliyowafumbua macho vitoto vya panya kabla ya siku zao. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwenye kikopo. Seli huipokea EGF kwa kipokezi kilicho juu ya utando wake. Katika takriban asilimia 40 ya glioblastoma, jeni ya kipokezi hicho imejinakili kupita kiasi, na seli husikia "gawika, gawika" usiku na mchana. Dawa za kukiziba husaidia baadhi ya saratani za mapafu. Kwenye glioblastoma, kusema kweli, zimetuangusha. Protini ya kwanza, NGF, ina bahati nzuri zaidi. Vipokezi vya jamii yake hutokana na jeni za NTRK, ambazo zikikatika na kuungana vibaya na jeni nyingine huweza kuleta uvimbe, ukiwemo wa ubongo kwa watoto wachanga. Dawa yake, larotrectinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Bi mkubwa alitaka kujua kama kile kinyama kitatupwa. Hakitupwi. Hugandishwa ndani ya nta, na hata baada ya miaka kinaweza kukatwa tena na kupimwa kwa kipimo kipya, mradi namba yake ya maabara isipotee. Nikamwandikia namba kwenye karatasi. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.